Mafuta Yasiyoficha Kioo

Siku mliyoniaga mlinipa kanga, saa ya ukutani na hotuba tatu, na katika hotuba zote hizo hakuna aliyetaja hadubini. Mmoja wenu alisema nilikuwa nguzo ya idara. Nguzo haioni kitu, wanangu. Kazi yangu mimi ilikuwa kuona. Na kwa kuwa mliniomba, mkiwa mmekwisha kushiba, niwaandikie mambo ya zamani, basi nimekaa barazani kwangu hapa Biharamulo na kalamu. Vyeo nilivyopanda vimo kwenye faili, na mshahara wangu hauwahusu. Nitaandika habari za hofu, maana ndiyo iliyonifundisha kazi kuliko chuo.

Jina langu Zaituni, binti wa muuza vitambaa. Babu yangu alitoka pwani na mzigo wa watu kichwani, akafika huku, akaoa, akasahau kurudi. Nyumbani tulisema Kiswahili hata ndotoni, na shuleni wenzangu, Wasubi na Wahangaza na Wazinza, waliniita Redio. Sikuwalaumu. Nilikuwa nasema sana, na bado.

Kazi nilianzia Ngara, katika maabara ya chumba kimoja. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya visigino. Mkuu wa maabara, Mzee Gervasi, Mhangaza wa Kibimba aliyeweka rozari na kitambaa cha lenzi katika mfuko mmoja, aliviangalia viatu vyangu, akaiangalia sakafu yenye maji, akasema, "Binti, utaanguka na damu za watu." Siku ile sikuanguka. Nilianguka kesho yake.

Nilidhani atanionyesha hadubini. Wapi! Alinipa bilauri ya maji na kijiti cha kioo, vile tunavyokorogea dawa.

"Tumbukiza. Unakiona?"

"Ninakiona, mzee."

"Kwa nini unakiona? Maji hayana rangi, na kioo hakina rangi."

Hakungoja jibu langu. Akachukua kijichupa cha mafuta ya lenzi, yale tunayodondoshea juu ya slaidi, kipande cha kioo chenye damu, kabla ya kushusha lenzi kubwa, akakichovya kijiti humo. Ncha ikapotea. Nawaambieni ilipotea, kana kwamba kijiti kimekatwa. Nikasema bismillahi, nikarudi nyuma. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Si uchawi, angaria vizuri," alisema, maana ulimi wake ulikuwa hauna ugomvi kati ya ra na la. "Mwanga ndani ya mafuta haya na mwanga ndani ya kioo unakwenda mwendo mmoja. Ukivuka kutoka huku kwenda kule haupindi, haurudi, kwa hiyo jicho halina pa kushika. Mafuta yakificha kioo, yaamini. Yasipoficha, usiyaamini hata yakiletwa na askofu."

Jambo la pili alilonifundisha ni maharage. Kwenye rafu palikuwa na kopo na mbegu za aina mbili, nyekundu na nyeupe. Slaidi ya ugonjwa mzito ilisomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, mwenzake akiwa nje. Ukiona kimelea, unatia jekundu koponi. Usipoona, jeupe. Kisha kopo linamwagwa mezani mbele ya wote wawili. Yakifanana, jibu linatoka. Yakitofautiana, slaidi inasomwa upya na hakuna anayekwenda kula. Mzee alisema mtu akisikia jibu la mwenzake kwanza, macho yake yanageuka masikio. Nimefanya kazi na mashine nyingi za bei kubwa tangu hapo, na sijakutana na iliyonishawishi kuliko lile kopo.

Mzee Gervasi akastaafu, akarudi Kibimba kwenye migomba na kahawa yake. Kisha ikaja miaka ya wakimbizi.

Nyinyi wengine neno hilo mmelikuta kwenye vitabu. Sisi tuliwaona wakivuka mpaka, wakiteremka mlima wakiwa na magodoro, mbuzi, vyerehani, wagonjwa wakibebwa kwenye machela za miti. Kilichonitisha ni ukimya. Watu wengi kiasi kile, na unasikia nyayo tu. Nilisimama kando ya barabara, nikajua kwamba lolote litakalowapata hawa litatupitia na sisi. Vilima vikageuka bluu kwa maturubai, miti ikakatwa mpaka upeo wa macho, na nikahamishiwa hospitali ya kambini: hema, meza ya mbao, hadubini moja nzuri na foleni isiyokwisha. Kulikuwa na kipindupindu, kuhara damu, malaria, homa ya uti wa mgongo. Kila asubuhi niliamka na hofu ileile. Anayewaambia alizoea, mwulizeni alikuwa anafanya kazi gani.

Wenzangu pale walikuwa wawili. Fidelis alikuwa msomaji wa slaidi kama mimi, wa rika langu, Mhaya, na hakuacha mtu asahau. Alikuwa na macho mepesi na mdomo mwepesi zaidi. Na Imakulata ndiye aliyetuoshea slaidi na mabomba ya sindano, yale ya kioo. Alizaliwa Nyakisasa, akaolewa Kaniha, na alikuja kambini kutafuta kazi akiwa na mtoto wa kujifunza kutembea. Tulipopiga soga tukagundua mumewe alikuwa mteja wa baba yangu, na baba alikuwa akimwita "mwanangu". Basi papo hapo Imakulata akawa wifi yangu, na utani ukaanza.

"Wifi, leo umeosha au umelowesha tu?"

"Wifi, osha mwenyewe basi, mikono yako laini kama ya mwali!"

Ndivyo tulivyosukuma siku. Kusema kweli, asingekuwapo yeye ningeacha kazi nikarudi kuuza vitambaa.

Likaja jambo la mafuta. Slaidi zilikuwa nyingi mno, mafuta ya lenzi yakaisha. Tuliomba, tukaambiwa yako njiani. Vitu vingi miaka ile vilikuwa njiani. Fidelis akajaribu mafuta ya nyonyo, yakaganda kwenye lenzi kubwa, na ilinichukua nusu siku kuifuta huku roho iko mkononi, maana lenzi ya namna ile tulikuwa nayo moja. Wakati huohuo nikapata habari kuwa shangazi yangu amefariki, nikaenda Biharamulo kuzika, nikakaa huko wiki tatu.

Nilirudi asubuhi. Kitu cha kwanza nilichokiona ni beseni la Imakulata limekauka.

"Wifi yuko wapi?" nikauliza.

Fidelis hakunitazama. "Wodini. Alikwenda Kaniha kuvuna karanga, akarudi na homa. Tumempa dawa za malaria, hazikusaidia kitu. Sasa analala mchana kutwa, ukimwamsha anakuangalia tu kama hakujui. Daktari ametoa maji ya uti wa mgongo. Yana chembe nyeupe nyingi."

Wenzangu wa fani mnajua maana yake, lakini nawaandikia na wale wa masjala. Chembe nyeupe kwenye maji ya uti wa mgongo zinasema kuna adui karibu na ubongo, hazisemi ni nani. Huenda ni homa ya uti wa mgongo, iliyokuwa inatembea kambini. Huenda ni malale, maana upande wa Kaniha kuna pori, na porini kuna mbung'o wanaoyasambaza. Homa ya uti wa mgongo ina sindano zake, hazina kisirani. Malale yakishafika kichwani, dawa iliyokuwapo ilikuwa ya arseniki. Ndiyo, sumu ileile. Ilichoma mshipa kama pilipili, na wapo iliowaponya na wapo iliowaua. Tukimpa arseniki naye hana malale, tutamwua kwa mikono yetu. Tukimnyima naye anayo, atalala asiamke. Damu yake ndiyo ingeamua, na damu inasomwa na sisi.

"Umeisoma?" nikamwuliza.

"Nimesoma. Harage langu limo koponi. Tunakungoja wewe."

Hakuniambia rangi, na hapo namsifu. Lakini uso wake ulikuwa umeshasema.

Nilianza na damu mbichi, nikitafuta kinachotembea. Hakuna. Hiyo haikunipa raha, kwani vimelea vikiwa vichache hujificha, na mashine ya kuzungushia damu ilikuwa imekufa. Nikachukua slaidi iliyotiwa rangi, nikadondosha mafuta kutoka kwenye chupa niliyoikuta mezani, nikashusha lenzi.

Astaghfirullah! Nilidhani ni machozi yangu. Kila kitu kilikuwa na ukungu. Kila chembe ilivaa duara la mwanga pembeni, kama taa unayoitazama kwenye mvua. Na katikati ya ukungu ule palikuwa na nyuzi, nyembamba, zimejipinda, zina rangi ya samawati. Kimelea cha malale ni uzi uliojipinda. Nikajifuta macho, nikatazama tena. Nyuzi zilikuwapo, lakini sikuweza kuona zina nini ndani.

Mkono ukaenda kwenye mbegu nyekundu. Ukarudi.

"Fidelis, mafuta haya yametoka wapi?"

"Kwenye sanduku la wahisani." Akajivuna kidogo. "Ya kisasa hayo. Hayanuki, hayakauki, hayagandi. Yameandikwa silikoni."

Wahisani walikuwa na moyo, sikatai, lakini sanduku la kwanza walilotuletea lilikuwa na makoti ya theluji, na la pili dawa za minyoo ya mbwa. Hili la tatu lilitoka kwenye maabara fulani ya Ulaya iliyokuwa inasafisha stoo yake. Nikaitazama chupa kwenye mwanga. Mafuta yalikuwa maangavu kama machozi, hayana doa. Nikachukua kijiti cha kioo, nikakichovya.

Kijiti kikabaki palepale. Nilikiona chote mpaka ncha, kama kwenye bilauri ya maji.

"Hayafichi kioo," nikasema.

"Yafiche ya nini? Ni meupe peee! Unataka nini zaidi?"

"Hata maji ni meupe, Fidelis! Mbona huweki maji?"

Tukaanza kufokeana, na hapo ndipo daktari alipoingia. Alikuwa kijana, mtu wa kusini, mpole, na siku zile alikuwa hajalala vizuri kama sisi sote.

"Dada Zaituni, pole na msiba. Ninaomba jibu."

"Bado, daktari. Mafuta yanatudanganya."

"Yule mama anazama. Nikichelewa, hata dawa haitamfikia."

"Na ukikosea?"

Alikaa kwenye kreti akashika kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Nangoja mpaka adhuhuri. Baada ya hapo nitaamua kwa nilichonacho." Nilimwonea huruma na nikamchukia kwa wakati mmoja.

Nililipindua sanduku lile lote chini. Palikuwa na mipira ya kuzibia, grisi, vifuniko, na chini kabisa chupa nyingine ndogo. Nayo iliandikwa silikoni, ila jina lake lilikuwa refu zaidi, na mafuta yake yalikuwa mazito. Nikakifuta kijiti, nikakichovya. Kijiti kikafifia. Hakikupotea kabisa kama cha Mzee Gervasi, kilibaki mstari mwembamba kama unywele, lakini kilifichika.

Sababu yake niliielewa baadaye sana, nilipopelekwa kozi. Hebu niwape sasa, ili msije mkaamini lebo. Silikoni si kitu kimoja, ni ukoo wa polima. Uti wake ni mnyororo wa atomu za silikoni, ileile iliyomo mchangani, na oksijeni, zikishikana mikono kwa zamu. Mnyororo huo ni mlegevu, haupendi kujipanga ukawa fuwele, na ndiyo maana mwanga unapita bila kugonga kitu na mafuta yanakuwa maangavu. Lakini pembeni mwa mnyororo kuna matawi. Katika chupa ya kwanza matawi yalikuwa madogo, kaboni moja na haidrojeni zake tatu. Hayo hayausumbui mwanga, unapita mbio karibu na mwendo wake wa majini. Katika chupa ya pili baadhi ya matawi yalikuwa pete za kaboni sita, pana, zenye elektroni nyingi zinazochezacheza. Mwanga ukipita hapo unavutwa shati, unapunguza mwendo, mpaka unakaribia mwendo wake ndani ya kioo. Lenzi kubwa inakusanya miale inayotoka kwa pembeni sana. Mafuta yasipolingana na kioo, miale hiyo inapinda na kupotea, na unabaki na ukungu. Kuwa angavu ni jambo moja na kulingana na kioo ni jambo jingine. Fidelis aliona la kwanza tu.

Siku ile sikujua lolote kati ya hayo. Nilijua kijiti tu.

Fidelis naye, nimpe haki yake, alipoona kijiti kinafifia aliacha ubishi. Kisha akasema, "Tuchanganye kidogo na yale ya kwanza, tukiupoteza na huo unywele je?" Lilikuwa wazo la mtu mwenye akili. Tukadondosha matone kwenye kioo cha saa, kile kisahani chetu cha maabara, tukakoroga. Yakageuka maziwa! Ukoo mmoja, na hawakutaka kukaa chumba kimoja. Matone yaligawanyika madogomadogo, na kila tone likapinda mwanga wake. Tungeyatia hayo kwenye lenzi pekee tuliyokuwa nayo, tungepoteza nusu siku nyingine kuifuta, na adhuhuri inakuja. Nikayamwaga, nikafuta kijiti, nikasema tunatumia ya pili kama yalivyo, unywele na yote.

Fidelis akalitoa harage lake la kwanza koponi, akalifumbata, akatoka nje na daktari, kama sheria ilivyo. Nikasafisha lenzi, nikasafisha slaidi taratibu nikiogopa kuibandua damu, nikadondosha, nikashusha.

Wallahi, ilikuwa kama kufungua dirisha. Ukungu ulikwisha. Nikazifuata zile nyuzi za samawati moja moja, na nilipozikaribia nikaona hazina kiini, hazina nukta, hazina chochote. Zilikuwa nyuzi za pamba! Pamba ya kitambaa cha kukaushia slaidi, cha Imakulata mwenyewe, imenywa rangi. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema peke yangu, nikacheka kwa sauti. Daktari aliyekuwa nje akauliza, "Vipi?" Sikumjibu. Nilikuwa nimekwisha kuiona mbegu nyeupe, nikaona wifi anachomwa sindano zisizo na kisirani, anaamka, ananitukana.

Lakini slaidi ilikuwa haijaisha. Mzee Gervasi alikuwa akisema slaidi inaisha ukifika ukingoni, haiishi ukifurahi. Nikaendelea. Nilipita uwanja baada ya uwanja, mkono wa kushoto unasogeza, wa kulia unarekebisha, na kila uwanja uliokuwa mtupu nikashukuru. Nikakaribia ukingo.

Kilikuwa kimoja. Kimejipinda, chembamba mbele, kiini cha zambarau katikati, nukta moja nyekundu iliyokoza mwishoni, na ubavuni ule utando wake wa mawimbi. Hakikuwa na ukungu wala duara la mwanga. Sijawahi kuona kimelea kikiwa wazi namna ile, na sijawahi kutamani upofu isipokuwa siku hiyo. Niliondoa jicho, nikalirudisha. Kilikuwapo. Nikasogeza kidogo, nikakuta cha pili.

Nilikaa. Nje nasikia foleni, watoto wanalia, gari linaunguruma. Nilijua kwamba nikitia jeupe hakuna atakayejua. Fidelis alikuwa amepoteza imani na macho yake, angekubali lolote nitakalosema. Imakulata angepata sindano za upole, angekufa polepole usingizini, na watu wangesema ni kazi ya Mungu. Nikitia jekundu, sumu itaingia kwenye mshipa wake kwa neno langu. Niliogopa, jamani. Niliogopa mpaka nikasikia ladha ya chuma mdomoni. Nikatia jekundu.

Fidelis akaingia, akasoma kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akisoma, nami nikiwa nje sitazami mtu. Naye alitia upya. Daktari akamwaga kopo. Yalikuwa mekundu yote mawili. Daktari aligusa meza kwa vidole, akasema, "Ahsanteni," akaenda kuandaa dawa.

Dawa ile haikutaka bomba la plastiki, ililila. Ilitaka bomba la kioo, kavu kabisa, kwani ikikutana na tone la maji inaharibika. Aliyekuwa akiyachemsha na kuyakausha mabomba hayo ni mwenyewe mgonjwa. Kwa hiyo nilichemsha mimi, nikakausha mimi, nikalipuliza, nikalikausha tena. Nikampelekea daktari wodini.

Imakulata alikuwa amelala ubavu, amekonda, midomo imepasuka. Mama yake alikuwa amekuja kutoka Nyakisasa, amempakata mtoto. Daktari alipomfunga mkono, Imakulata alifumbua macho, ikawa mara moja kati ya zile chache alizokuwa pamoja nasi. Akaliangalia bomba, akaniangalia.

"Wifi," akasema, "umelikausha vizuri?"

"Nimelikausha, wifi."

"Na ndani ya ncha?"

"Na ndani ya ncha."

Akafumba macho, akanyoosha mkono.

Siku za mwanzo tulianza kupumua. Homa ilishuka, akanywa uji, akamkaripia mama yake kwa Kihangaza, na kambini pale karipio la mgonjwa lilikuwa habari njema. Fidelis akaanza kujivuna tena, nikafurahi kumsikia. Daktari peke yake ndiye hakufurahi. Alisema dawa ile ina tabia ya kungoja mpaka watu waanze kucheka.

Ilimjia asubuhi, jua limewaka. Niliitwa kwa kelele. Nilipofika alikuwa anakakamaa, macho yamegeuka, povu mdomoni, wauguzi wamemshika miguu. Mama yake alikuwa amepiga magoti anasali Salamu Maria bila kupumzika, maneno yakigongana. Daktari alimpa alichokuwa nacho, akasimama mikono mitupu. Mimi nilishika nguzo ya hema. Nilichokuwa nawaza ni kile kiini cha zambarau na ile nukta. Nilikuwa najiuliza kama kweli niliviona. Nilijua niliviona, na bado nilijiuliza. Degedege likaacha, likarudi, likaacha. Akabaki amelala, anapumua kama mtu anayepanda mlima.

"Akivuka, huenda asivuke na kila kitu," daktari alituambia. "Dawa hii ikigusa ubongo hivi, mara nyingine inaondoka na kipande."

Kazini tulisoma slaidi kwa mafuta ya pili. Zile zote za siku nilizokuwa msibani tulizisoma upya, na nyingine majibu yake yaligeuka. Tuliwatafuta wenyewe hemani kwao. Baadhi tuliwapata. Hilo nalo bado linaniamsha.

Kisha mchana mmoja muuguzi akaja mbio, kanga imemvuka bega. "Ameamka! Imakulata ameamka, anaomba chakula!"

Nilikimbia, nyie. Nilimwacha Fidelis na slaidi mkononi, naye akaiacha, akanifuata. Wodini mama yake alikuwa analia na kucheka. Imakulata ameketi, ameegemezwa, mtoto yuko mapajani mwake anavuta ukosi wa gauni lake. Alikuwa anamwita mtoto kwa jina, anamhesabia meno. Daktari alimwuliza yeye ni nani, akajibu. Akamwuliza mumewe ni nani, akajibu, akaona haya. Mahali pote pale palikuwa na furaha, hata wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wanapiga makofi. Nikapenya katikati ya watu, nikasimama mbele yake na koti langu jeupe lenye madoa, machozi yananitoka bila aibu.

"Wifi!" nikasema. "Wifi, umetutesa!"

Fidelis nyuma yangu akaanza kucheka, maana alijua sasa litakuja tusi.

Imakulata alinitazama. Alimshika mtoto vizuri, akainamisha kichwa kidogo kama walivyomlea kwao.

"Shikamoo, mama," akasema.

Nikangoja acheke. Hakucheka. Alikuwa ananitazama kwa adabu tu, kama unavyomtazama muuguzi usiyemjua, akingoja nimwitikie.

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia.